Gia nyepesi kwa mwendeshaji mdogo wa mwili: aanze kubadilisha nyuma au mbele?

Swali

Naishi Eldoret. Nina urefu wa sentimita 152 na uzito wa kilo 47. Nimenunua baiskeli ya mbio ya mtumba iliyotoka Uingereza. Spoketi zake za mbele zina meno 53 na 39, nyuma kuna spoketi tisa kuanzia meno 12 hadi 25, na mikono ya kreniki, ile inayoshika pedali, imeandikwa 170. Kwenye tambarare naenda na wenzangu bila shida, lakini tukipanda kutoka bonde la Kerio kwenda Iten nalazimika kusimama juu ya pedali muda mwingi, na magoti huniuma kwa siku mbili baadaye. Wenzangu, ambao wote ni wanaume, wanasema mtu mwepesi hahitaji gia nyepesi, na kwamba dawa ni mazoezi. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nibadilishe nini bila kununua baiskeli nyingine?

Jibu

Dada, wenzako wamekosea, na ningependa kuanza na kosa lao kabla ya kugusa spana, kwa sababu watu wengi wenye mwili mdogo wameliamini, wakavumilia gia nzito kwa miaka, na wengine wakaiacha baiskeli kabisa wakidhani tatizo ni wao.

Ni kweli kwamba mtu mwepesi hubeba uzito mdogo mlimani. Lakini baiskeli haipungui uzito kwa kuwa aliyeipanda ni mdogo. Baiskeli yako nadhani ina kilo 10 hivi. Ukiongeza maji, viatu, kofia ngumu na vifaa vya kuzibia pancha, unapata kilo 13 zisizo za mwili wako. Kwako wewe mzigo huo ni zaidi ya robo ya uzito wako, ilhali kwa mwenzako wa kilo 75 haufiki hata moja ya tano. Sasa tuchukue kipande cha barabara chenye mwinuko wa asilimia 8, nanyi nyote wawili mko kwenye gia nyepesi kabisa ya baiskeli kama yako, yaani 39 mbele na 25 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedali katika gia hiyo huisogeza baiskeli mita 3.28. Ukitaka kuzungusha pedali mara 70 kwa dakika, kasi ambayo magoti ya watu wengi huipokea vizuri mlimani, ni lazima uende kilomita 13.8 kwa saa, na kwa hesabu yangu hilo linakudai nguvu ya wati 215 hivi. Hizo ni wati 4.6 kwa kila kilo ya mwili wako. Mwenzako wa kilo 75, kwa gia hiyohiyo na kasi hiyohiyo, anadaiwa wati 4.1 kwa kilo. Yeye anadaiwa kingi. Wewe unadaiwa kingi zaidi. Kiwango cha wati 4.6 kwa kilo kwa muda wa kupanda mlima mrefu ni cha wanamichezo wanaolipwa, tena kwenye nchi ya chini yenye hewa nzito, si kwenye kimo cha Iten ambacho ni mita 2,400 hivi.

Mtu mwenye mazoezi mazuri, asiye mshindani wa kulipwa, anaweza kushikilia takriban wati 2.5 kwa kilo. Tukupe wewe kiwango hicho. Katika mwinuko uleule utakwenda kilomita 7.9 kwa saa, na kwa gia yako ya sasa pedali zitazunguka mara 40 tu kwa dakika. Hapo ndipo yanapotoka maumivu ya magoti: kila mkanyago unakuwa kama kupanda ngazi ndefu kwa mguu mmoja, na ukichoka unasimama ili uzito wa mwili ufanye kazi ambayo misuli imeshindwa. Mazoezi yataongeza wati zako, hilo silikatai, lakini ili ufikishe mizunguko 70 kwa gia hiyo ungehitaji kuongeza nguvu kwa zaidi ya asilimia 80, na sijui mwalimu wa mazoezi awezaye kuahidi jambo kama hilo.

Aibu ya kutumia gia nyepesi ni ya zamani sana katika mchezo huu. Mashindano ya Tour de France hayakuruhusu vibadilisha gia hadi mwaka 1937, kwa imani kwamba mwanamume wa kweli hupanda mlima kwa misuli. Leo kampuni ya vipuri ya Shimano, katika seti yake ya juu kabisa ya vipuri vya mbio iliyotoka mwaka 2021, inauza kaseti (yaani fungu la spoketi za nyuma) ya meno 11 hadi 34 na imeacha kutengeneza kreniki ya 53 na 39 kwa seti hiyo. Ikiwa wanaolipwa kupanda milima wanapewa spoketi ya meno 34 nyuma, hakuna sababu ya wewe kubaki na 25.

Basi tuje kwenye vyuma.

Njia ya kwanza, ambayo fundi wengi watakupendekezea, ni kubadilisha kaseti peke yake. Kibadilisha gia cha nyuma ulichonacho bila shaka ni kile chenye mkono mfupi (ule unaoning'inia chini yake na kuukaza mnyororo), ambacho katika baiskeli za spoketi tisa za umri huo kilitengenezwa kwa spoketi isiyozidi meno 27. Ukifunga kaseti ya 12 hadi 27 utapanda kutoka mizunguko 40 hadi 43 kwa dakika. Usitumie pesa yako hivyo. Tofauti isiyofika asilimia kumi mguu hauihisi mlimani, na meno mawili nyuma hayajawahi kumwokoa mtu goti.

Hata hivyo, ikiwa vipuri vyako ni vya Shimano, una bahati moja kubwa ambayo wenye baiskeli mpya hawana. Katika mfumo wa Shimano wa spoketi tisa, vibadilisha gia vya nyuma vya baiskeli za mbio na vya baiskeli za mlimani huvutwa na waya kwa kipimo kilekile, na nafasi kati ya spoketi za kaseti ni ileile. Maana yake ni kwamba unaweza kuondoa kibadilisha gia chako kifupi, ukafunga cha baiskeli ya mlimani chenye mkono mrefu, kilichotengenezwa kwa spoketi tisa, kisha ukafunga kaseti ya meno 11 hadi 34, na mikono ya breki na gia uliyonayo kwenye usukani itaendelea kufanya kazi kama kawaida. Angalia sana kwamba kibadilisha gia hicho ni cha spoketi tisa na si cha kumi, kwa sababu vile vya mlimani vya spoketi kumi huvutwa kwa kipimo kingine na havitakaa sawa hata fundi akeshe. Vipuri vya spoketi tisa vya mlimani vinapatikana kwa wingi kwenye mitumba, maana baiskeli za aina hiyo zilizoletwa kutoka Ulaya ni nyingi.

Kwa hatua hiyo peke yake, ukiwa bado na 39 mbele, mzunguko mmoja wa pedali utakusogeza mita 2.4 badala ya 3.28, na mizunguko yako mlimani itapanda kutoka 40 hadi 54 kwa dakika. Hilo utalihisi siku ya kwanza. Kuna gharama yake, nayo ni hatua kati ya gia moja na nyingine. Kaseti yako ya sasa inapanda taratibu: 12, 13, 14, 15, 17, 19, 21, 23, 25. Ile ya 34 inaruka: 11, 13, 15, 17, 20, 23, 26, 30, 34. Kwenye tambarare, ukiwa ndani ya kundi linalokwenda kwa kasi moja, kutakuwa na nyakati ambapo gia hii ni nzito kidogo na inayofuata ni nyepesi kidogo. Mimi binafsi naiona kuwa bei ndogo kwa mtu anayeishi karibu na ukingo wa bonde la Kerio; anayeishi Malindi angekuwa na haki ya kufikiri tofauti.

Lakini mizunguko 54 bado si 70. Hivyo lazima tuje mbele, na hapa ndipo mwili mdogo unapohitaji ushauri tofauti na ule anaopewa mwanamume mrefu.

Wengi watakuambia uondoe spoketi ya 39 na kuweka ya 34. Haiwezekani kwenye kreniki yako. Bolti zinazoshika spoketi zimepangwa kwenye duara, na ukubwa wa duara hilo ndio unaoamua spoketi ndogo kabisa inayoweza kuingia. Kreniki za 53 na 39 za bolti tano huwa na duara la milimita 130, ambalo haliruhusu chini ya meno 38. Za kampuni ya Campagnolo za wakati huo zina milimita 135 na hazishuki chini ya 39. Duara la milimita 110 ndilo linaloruhusu 34. Kuhakikisha, pima kwa rula kutoka kitovu cha bolti moja hadi kitovu cha bolti iliyo jirani yake: ukipata milimita 76.4, una duara la 130, ukipata 64.7, una 110. Nimeona watu wakinunua spoketi ya 34 kwa bei nzuri na kurudi nayo nyumbani isiingie, kwa sababu ya kutopima jambo hili la dakika moja.

Kwa hiyo ni lazima ubadilishe kreniki nzima. Na kwa kuwa utaibadilisha, usiangalie meno peke yake. Angalia na urefu wa mikono. Mikono ya milimita 170 ilipangwa kwa mtu wa kimo cha wastani wa Ulaya. Kwa mtu wa sentimita 152, kila pedali inapofika juu goti hukunjwa mno na paja hukaribia kifua, hasa ukiwa umeinama kushika usukani wa chini, na ni katika mkunjo huo mkali ambapo unaanza kukanyaga kwa nguvu. Nadhani sehemu ya maumivu yako inatoka hapo, si kwenye gia pekee. Kwa kimo chako ningetafuta mikono ya milimita 155 au 160. Ikikosekana, 165 hupatikana kwa urahisi zaidi na bado itakusaidia. Tadej Pogačar, bingwa wa Tour de France, ambaye ni mrefu kuliko wewe kwa zaidi ya sentimita 20, anatumia 165, kwa hiyo yeyote atakayekuambia mikono mifupi ni ya watoto umwambie hilo.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba mkono mfupi ni wenzo mfupi. Ukitoka 170 kwenda 160 umepoteza karibu asilimia 6 ya wenzo, na ili mguu usihisi uzito zaidi, gia nayo lazima ipungue kwa kiasi hichohicho. Hii ndiyo sababu nakushauri usinunue kreniki fupi yenye 50 na 34 ukadhani umemaliza. Tafuta yenye 46 na 30, au 48 na 32 ikiwa ndiyo iliyopo. Ukiwa na 30 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja unakusogeza mita 1.86, na katika mwinuko ule wa asilimia 8, kwa nguvu zilezile ulizonazo leo, pedali zitazunguka mara 71 kwa dakika. Kwa 34 mbele ungepata 63, ambayo si mbaya, ila ile nafasi iliyobaki ndiyo itakayoliwa na wenzo mfupi, na ndiyo utakayoihitaji pia kwenye kona zenye mwinuko mkali zaidi au mwishoni mwa safari ukiwa umechoka.

Usiogope kwamba 46 itakunyima kasi kwenye mteremko. Gia ya 46 mbele na 11 nyuma, kwa mizunguko 90, ni kilomita 47 kwa saa. Zaidi ya hapo, mtu wa kilo 47 hupata faida kubwa kwa kuinama na kuiacha baiskeli iteleze kuliko kuendelea kukanyaga. Gia yako ya 53 na 12 umekuwa ukiibeba kila siku bila kuitumia.

Kabla ya kununua kreniki, muulize fundi aina ya ekseli na beringi zilizomo kwenye fremu yako, kwa sababu kreniki na ekseli yake lazima viendane, na mara nyingi utalazimika kununua vyote viwili. Upana wa bomba la fremu linaposhika beringi ukiwa milimita 68, nyuzi zake za skrubu kwa kawaida ni za Kiingereza. Ukiwa 70, ni za Kiitaliano, na vipuri vya moja haviingii kwenye nyingine. Halafu tazama kibadilisha gia cha mbele. Spoketi kubwa ikitoka meno 53 kwenda 46, ukingo wake unashuka kwa milimita 14, na kibadilisha gia lazima kishuke nao, ili kati ya bamba lake la nje na ncha za meno ibaki nafasi ya milimita moja hadi tatu. Kikiwa kimefungwa kwa mkanda unaozunguka bomba la fremu, hushuka bila tatizo. Kikiwa kimefungwa kwenye sikio lililochomelewa kwenye fremu, mwanya wake huenda usitoshe, na katika hali hiyo 48 au hata 50 ndiyo kikomo chako. Pima kabla ya kulipa.

Najua kreniki fupi ni ngumu kupatikana, na kwamba kuna mafundi hodari wa jua kali wanaoweza kufupisha mkono kwa kutoboa tundu jipya la pedali. Inawezekana kwenye mikono ya alumini iliyojaa, yenye unene wa kutosha, na fundi akiwa na kifaa cha kukatia nyuzi za skrubu la nusu inchi na moja ya kumi na sita, nyuzi 20 kwa inchi, huku mkono wa kushoto ukikatwa nyuzi za kushoto. Kwenye mikono yenye uwazi ndani, kama zilivyo kreniki nyingi za Shimano za daraja la kati na la juu, haifai hata kidogo: utaondoa chuma pale ambapo hakuna chuma cha kuondoa, na mkono utavunjika ukiwa umesimama juu yake.

Kuhusu magurudumu madogo, ambayo pengine mtu atakutajia, ni kweli kwamba gurudumu la inchi 26 la baiskeli za mbio za zamani hupunguza gia kwa asilimia 7 au 8. Tairi zake za mbio ni adimu, breki zako hazitafikia rimu zake, na kwa faida ndogo kiasi hicho sioni sababu.

Mnyororo uwe mpya, kwani mnyororo uliochakaa hautakaa kwenye meno mapya ya kaseti. Urefu wake usikisiwe. Fundi auzungushe kwenye spoketi kubwa ya mbele na spoketi kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye kibadilisha gia, kisha aongeze jozi moja ya viungo, yaani kimoja cha nje na kimoja cha ndani. Mnyororo ukiwa mfupi na wewe ukaingia kwa bahati mbaya kwenye kubwa kwa kubwa, kibadilisha gia kitang'olewa na pengine kiondoke na sikio la fremu linalokishika. Uwezo wa kibadilisha gia kukusanya mnyororo uliolegea nao huhesabiwa: 46 toa 30 ni 16, na 34 toa 11 ni 23, jumla 39. Vile vya mlimani vyenye mkono mrefu hufikia 43 au 45, hivyo uko salama, lakini kifupi ulichonacho sasa kisingeweza. Mwishowe skrubu ya kikomo cha ndani ya kibadilisha gia irekebishwe upya, baiskeli ikiwa imening'inizwa, ili mnyororo usiweze kuivuka 34 na kuingia kwenye spoku.

Ikiwa pesa haitoshi kwa mara moja, anza na nyuma: kaseti, kibadilisha gia na mnyororo. Vitu hivyo vitabaki na kazi hata utakapopata kreniki baadaye, ingawa siku hiyo mnyororo utakatwa viungo vichache. Siku utakayofunga mikono ya 160, inua pia kiti kwa milimita 10, kwa kuwa pedali ikiwa chini itakuwa imesogea juu kwa kiasi hicho. Halafu nenda ukapande. Kwenye kipande kikali, ukiwa umekaa, hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15. Zikiwa 15 una mizunguko 60, zikiwa 18 una 72. Ukiona bado uko chini ya 15 ukiwa kwenye gia ya mwisho, kaseti za spoketi tisa zenye meno 12 hadi 36 zipo, ila hakikisha kwanza na fundi kwamba kibadilisha gia mlichofunga kinaifikia 36. Na iwapo magoti yataendelea kuuma wiki kadhaa baada ya mabadiliko haya, usirudi kwa fundi. Nenda kwa daktari wa mifupa au mtaalamu wa viungo, ukiwa na vipimo vya baiskeli yako mkononi.